Kufunga kundi, kutenga wageni, kujaza na kumaliza, au chanjo: njia nne za kuzuia magonjwa ya kondoo Dar es Salaam

Kondoo wengi wanaofugwa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Msongola mpaka Kigamboni, Kibamba na Mabwepande, hawakuzaliwa hapo walipo. Wameshuka kwenye lori kutoka Dodoma, Singida au Manyara, wakapita mnada wa Pugu au soko la mbuzi la Vingunguti, wakapakiwa kwenye pikapu au guta, na jioni wakaingia kwenye banda la mtu. Njiani wamepumuliana na wanyama wa mikoa mitatu minne. Mfugaji wa huku ugonjwa humjia hasa na mnyama aliyemnunua mwenyewe kwa fedha zake.

Wafugaji wana njia nne za kujilinda, na kila moja ina watu wanaoiapia: kulifunga kundi kabisa, kuwatenga wageni kabla ya kuwachanganya, kunenepesha kwa mkupuo na kuuza wote, na kuchanja. Kwenye shamba kubwa zote nne zinawezekana kwa pamoja. Mwenye uwanja wa nyuma, kondoo kumi na kijana mmoja wa kuwahudumia hulazimika kuchagua ipi aifanye sawasawa, kwa sababu njia inayofanywa nusunusu humlia fedha na bado ugonjwa unapita.

Vipimo tunavyotumia

Kipimo cha kwanza, na ndicho kizito, ni ugonjwa upi unazuiwa na upi unapenya. Magonjwa haya hayajifichi mahali pamoja. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008, hujificha mwilini kwa siku chache. Kwa kawaida homa, makamasi, matongotongo, vidonda mdomoni na kuhara huanza siku ya nne hadi ya sita tangu mnyama aambukizwe, ingawa inaweza kufika wiki mbili. Kirusi chake hakivumilii jua, hufa upesi kikiwa nje ya mwili, na mnyama aliyepona haendelei kukisambaza. Kuoza kwato kuna tabia tofauti. Bakteria wake hawadumu kwenye tope zaidi ya wiki mbili hivi, lakini ndani ya kwato wanakaa miezi, na kondoo aliyewabeba anaweza kuwa anatembea vizuri kabisa siku unayomnunua. Upo pia ugonjwa wa vidonda vya midomo vyenye magamba. Gamba likianguka kwenye kona kavu ya banda huhifadhi virusi kwa miezi mingi, na ugonjwa huo humpata hata binadamu anayemshika mnyama bila glavu. Brusela hukaa kimya mpaka jike atupe mimba. Homa ya bonde la ufa, iliyoua watu na mifugo nchini mwaka 2006 na 2007, hubebwa na mbu, na mbu hapigi hodi getini.

Vipimo vingine ni vyepesi kueleza: eneo linalohitajika, gharama pamoja na kazi ya kila siku, mahali njia yenyewe inapovuja, na mtu inayemfaa. Jambo moja linavihusu vyote: mbuzi anapata sotoka na kuitoa kama kondoo. Kila nitakaposema "mgeni", mhesabu na mbuzi wa jirani anayezurura mtaani.

1. Kufunga kundi

Unanunua mara moja, kisha hakuna kondoo wala mbuzi wa nje anayeingia tena. Kundi linakua kwa kuzaana. Mnyama wako aliyepelekwa mnadani akakosa mteja harudi nyumbani. Anauzwa kwa bei iliyopo au anachinjwa.

*Inachozuia.* Karibu kila kitu kinachosafiri ndani ya mnyama: sotoka, kuoza kwato, ukurutu, brusela, hata minyoo sugu iliyokwisha kuzoea dawa huko ilikotoka. Kwa magonjwa yanayokaa kimya mwilini muda mrefu, hakuna njia kati ya hizi nne inayoishinda. Haizuii mbu wala kupe.

*Eneo.* Banda moja linatosha, lakini lazima liwe na uzio ambao mbuzi wa jirani hawezi kuingiza pua. Malisho yawe ya kuletewa, au ya eneo lako mwenyewe. Ukiwapeleka bondeni au kando ya barabara wanakopita wanyama wa wengine, kundi halijafungwa tena.

*Gharama na kazi.* Kazi ya kila siku ni ndogo. Gharama yake ni muda. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitano, na kondoo wetu wa asili mara nyingi huzaa mmoja mmoja, hivyo anayetaka kundi likue haraka atachoka kusubiri.

*Panapovuja.* Dume. Akikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hivi ataanza kuwapanda mabinti zake, kwa hiyo lazima abadilishwe, na kila dume mpya ni mlango uliofunguliwa. Atakuja kwa utaratibu wa njia ya pili, hakuna mkato. Tundu la pili ni watu. Wanunuzi na madalali hupenda kuingia bandani kushika migongo ya kondoo, na wengine wametoka Pugu asubuhi hiyohiyo na viatu vilevile. Mtolee mteja kondoo nje. Mteja asiingie ndani. Udhaifu mwingine hauonekani kwa macho: kundi lililofungwa miaka mingi halijawahi kukutana na sotoka, hivyo halina kinga hata kidogo. Siku ukuta ukipasuka, ugonjwa unawakuta wote hawajajiandaa. Kwa maoni yangu, anayefunga kundi ndiye anayehitaji chanjo ya sotoka kuliko wote, ingawa yeye ndiye hujiona yuko salama.

*Inamfaa* anayefuga kwa ajili ya mbegu au kuuza wanakondoo, asiye na haraka, na mwenye eneo lililozungushiwa uzio.

2. Kutenga wageni

Unaendelea kununua, lakini kila anayeingia anakaa peke yake kabla ya kukutana na wenyeji. Siku 21 ndicho kiwango cha chini ninachokiamini kwa sababu ya sotoka. Siku 30 ni bora, kwa kuwa zinatoa nafasi ya kutibu kwato na ukurutu na kuona matokeo.

*Inachozuia.* Kile chenye kawaida ya kujitokeza ndani ya wiki tatu: sotoka, ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya mapafu inayoamshwa na uchovu wa safari, vidonda vya midomo. Ukiutumia muda huo kufanya kazi, unazuia zaidi. Mpe dawa ya minyoo siku ya kwanza na umweke kwenye sakafu kavu siku mbili, ili mayai ya minyoo yatoke yasifike kwenye malisho. Punguza kwato zilizokua na uchungulie katikati ya vidole. Harufu mbaya na nyama laini iliyochubuka ni dalili ya kuoza. Tafuta ukurutu chini ya manyoya. Anayenunua majike kwa ajili ya kuzalisha apimishe damu kwa ajili ya brusela, kwa sababu siku 30 za kumtazama hazitamwonyesha kitu. Maabara kuu ya mifugo ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iko Temeke, na afisa mifugo atakueleza namna ya kupeleka sampuli.

*Eneo.* Hapa ndipo wengi wa mjini wanaposhindwa. Kutenga maana yake si kamba nyingine kwenye banda lilelile. Sotoka hupita kwa pumzi na makamasi ya mnyama aliye karibu, kwa hiyo panatakiwa banda jingine, hatua kadhaa mbali na la kwanza, maji yao na vyombo vyao, na mkojo wao usitiririkie upande wa wenyeji. Kiwanja kikiwa kidogo, kuna ufumbuzi ninaoupenda: kodi kona kwa jirani anayefuga kuku tu, asiye na mbuzi wala kondoo.

*Gharama na kazi.* Nidhamu ndiyo gharama kubwa. Mhudumu anaanza na wenyeji, anamaliza na wageni, kisha ananawa na kubadilisha gambuti. Ndoo, kamba na sindano za wageni hazivuki. Akiongezwa mgeni mwingine siku ya 15, hesabu inarudi siku ya kwanza kwa wote waliomo, na hapa ndipo uvumilivu hukatika.

Kwa kuogesha kwato, wengi huenda duka la pembejeo kununua mrututu, yaani salfeti ya shaba. Unafanya kazi, lakini kondoo ni dhaifu sana mbele ya shaba kuliko ng'ombe au mbuzi. Akiunywa au ukimwagika kwenye majani unaweza kumuua. Zinki salfeti, kilo moja kwa lita kumi za maji, ni salama zaidi. Wanyweshe kwanza ili wasiwe na kiu, wasimame humo dakika kadhaa, halafu wapelekwe pakavu.

*Panapovuja.* Magonjwa ya kimya, kama nilivyosema, na haraka ya mwenye mali. Wiki moja kabla ya sikukuu mtu huona wageni wazima, banda la pembeni limejaa, anawachanganya.

*Inamfaa* anayenunua mara chache kwa mwaka, wachache kwa wakati, na mwenye mhudumu anayeaminika.

3. Kujaza na kumaliza

Hii ni ya wanenepeshaji. Unanunua kundi zima kwa mara moja, ikiwezekana kutoka chanzo kimoja, unalisha miezi miwili mitatu, unauza wote, unasafisha, banda linapumzika, ndipo unaanza tena. Hakuna wenyeji wa kuambukizwa.

*Inachozuia.* Mnyororo wa maambukizi kutoka mkupuo mmoja kwenda mwingine. Sotoka haitasubiri kwenye banda tupu. Bakteria wa kuoza kwato nao, bila kwato ya kuishi, huisha ardhini ndani ya wiki mbili hivi. Vidonda vya midomo ndivyo vinavyoishinda njia hii, kwa sababu ya yale magamba. Kama mkupuo uliopita ulikuwa navyo, kuchota samadi pekee hakutoshi. Kwaruza kuta, choma takataka, osha mbao.

*Eneo.* Banda moja. Wenye nafasi finyu huichagua kwa sababu hiyo.

*Gharama na kazi.* Fedha nyingi kwa pamoja mwanzoni, na siku za banda tupu zisizoingiza kitu. Usafi una mpangilio wake: samadi kwanza, sabuni na maji pili, kukauka, ndipo dawa ya kuua vijidudu. Dawa iliyomwagwa juu ya samadi ni hela iliyomwagwa. Sakafu ya udongo ichotwe tabaka la juu. Banda la kichanja lenye mbao zilizoachana ni rahisi zaidi kusafisha na huziweka kwato pakavu.

*Panapovuja.* Wiki mbili za kwanza. Wanyama waliosimama kwenye lori usiku kucha, bila maji, wanafika wamechoka, na vijidudu vilivyokuwa vimetulia puani mwao hushuka mapafuni. Usiwakimbilize kwenye pumba na mashudu siku ya kwanza: maji safi, majani makavu, kivuli, upepo wa kutosha, na kuwapima joto asubuhi. Joto la kondoo likipita nyuzi 40, mtu wa mifugo aitwe siku hiyo.

Halafu kuna suala la kalenda ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Idi ya kuchinja hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2026 inatarajiwa mwishoni mwa Mei, na 2027 katikati ya Mei. Maana yake, anayenenepesha kwa ajili ya Idi sasa ananunua Februari na Machi na kulisha katikati ya masika, wakati banda la chini limejaa tope na kwato hazikauki. Miaka ya nyuma, Idi ilipokuwa ikiangukia Agosti na Septemba, mkupuo huohuo ulipita kiangazi. Ambaye bado anatumia banda lake la zamani la sakafu ya udongo aliinue kabla ya kununua mkupuo unaofuata, la sivyo kuoza kwato kutamla faida yote.

Panavuja pia pale mwenye banda "anapobakiza wawili watatu" waliokosa mteja. Hao wawili ndio daraja la ugonjwa kwenda kwa wanaofuata. Kilema mmoja aliyebakizwa anatosha kuharibu mkupuo mpya.

*Inamfaa* mwenye mtaji, anayelenga msimu, na asiyetaka kuzalisha.

4. Kutegemea chanjo

*Inachozuia.* Kile tu ilichotengenezewa, lakini hicho inakizuia kwelikweli. Dozi moja ya chanjo ya sotoka hulinda kwa angalau miaka mitatu, muda unaotosha maisha yote ya kondoo wa kunenepesha. Chanjo hii ndiyo msingi wa mpango wa dunia wa kuitokomeza sotoka ifikapo 2030, na matumaini hayo yana sababu: ndugu yake, sotoka ya ng'ombe, alitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011. Ipo pia chanjo ya kimeta, ugonjwa ambao mbegu zake hukaa ardhini miaka kwa miaka na ambao kufunga geti hakuusaidii. Kuoza kwato, ukurutu na minyoo haviguswi na chanjo yoyote kati ya hizi.

*Eneo.* Halihitaji lolote la ziada.

*Gharama na kazi.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Kwenye kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi, Simiyu, mwezi Juni 2025, mchango wa mfugaji uliwekwa shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo mmoja. Tatizo la mfugaji mdogo wa Dar lipo kwenye chupa. Chanjo hutoka kwa makumi ya dozi, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya muda mfupi siku hiyohiyo. Mwenye kondoo wanane hawezi kuimaliza, na mtaalamu hatafungua chupa kwa ajili yake. Wafugaji wa mtaa mmoja wakikubaliana siku, wakaita afisa mifugo wa kata kwa pamoja, tatizo limekwisha, na wanaokuzunguka wakiwa wamechanjwa nawe unalindwa zaidi.

*Panapovuja.* Kinga haitokei siku hiyo. Mhesabie wiki mbili hivi. Kondoo aliyechanjwa jioni ya kutoka mnadani huenda tayari ana kirusi cha sotoka, na chanjo haitamwokoa. Mwanakondoo mchanga bado ana kinga ya maziwa ya mama inayoweza kuizuia chanjo isishike, hivyo husubiriwa mpaka miezi mitatu au minne. Sindano moja kwa kundi zima huhamisha majipu na magonjwa ya damu. Dai sindano zibadilishwe. Chanjo ya homa ya bonde la ufa ni jambo la serikali na wataalamu: aina ya zamani iliyo hai inaweza kuwafanya majike kutupa mimba, na kuchoma sindano ugonjwa ukiwa tayari umeingia kundini huusambaza.

*Inamfaa* kila mtu kama nyongeza. Kama ngao pekee, inamfaa yule ambaye hofu yake halisi ni sotoka na ambaye hawezi kutenga wala kufunga.

Kwa hali yako

Una kiwanja kidogo cha mjini, huna nafasi ya banda la pili, na unapenda biashara ya Idi: jaza na umalize, banda la kichanja, na mkupuo mzima uchanjwe sotoka huko huko ulikotoka, angalau wiki mbili kabla ya safari. Muulize muuzaji kama kibali cha kusafirisha mifugo kipo. Mnyama asiye na kibali hana historia unayoweza kuiamini.

Una majike kumi na eneo lenye uzio Kisarawe au Mapinga: funga kundi, chanja, na uweke kibanda kimoja cha dume mpya kukaa siku 30.

Unanunua mmoja mmoja kila unapopata fedha, kama wafanyavyo watumishi wengi wanaojenga kundi polepole: hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, kwa sababu kila mwezi mlango unafunguka. Weka akiba, nunua mara mbili kwa mwaka, tenga kwa pamoja. Ukishindwa kutenga, usijidanganye kwamba sindano imekaa badala yake.

Unafuga kondoo na mbuzi wa jirani wanaingia wapendavyo: anza na uzio, hata wa miti na wavu, kabla ya kutoa senti kwa dawa. Kama uzio hauwezekani, mweleweshe jirani mchanje wote siku moja.

Na kama ugonjwa umeshaingia, wanyama wawili watatu wana makamasi mazito na wanahara, maswali ya njia ipi yanasubiri. Watenge wagonjwa, simamisha kuuza na kununua, vaa glavu unapogusa midomo yao au mimba iliyotupwa, na mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa, na wasiowapeleka wagonjwa Pugu au Vingunguti kuwauza haraka wanawalinda wafugaji ambao kesho watanunua kwenye soko lilelile.